Mama Shukri Aliyenyamazisha Feni

Bi. Kuluthum Saad, ambaye hapa kituoni hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mhasibu, anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurekodi vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Sisi wengine tunamwita Mama Shukri. Mkurugenzi wetu, Bi. Wariara, ameniomba mimi Kipkemoi niandike wasifu huu kwa sababu ndimi niliyefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote: yeye nje ya kioo akirekodi, mimi ndani nikisoma. Nimekubali. Mgala muue na haki yake umpe.

Alizaliwa Gilgil, akasomea ufundi wa redio hapa Nakuru, akaajiriwa wiki ile ile niliyoajiriwa mimi. Tulianza na kanda, na Mama Shukri alikuwa akizikata kwa wembe na kuziunganisha hata usijue palikatwa wapi. Nikikohoa katikati ya sentensi, kikohozi kinapotea. Mimi nilisoma hadithi, historia, hata kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki ambacho sijakielewa hadi leo. Sauti ni yangu. Nalisema mapema kwa sababu watu husahau.

Ana vituko vyake pia. Fundi jirani alipokuwa akikata vyuma vya mageti wakati tunarekodi, wengine tulitaka kuandika barua kwa kaunti. Mama Shukri alimpelekea chupa ya chai na mahamri, akakaa naye hapo hapo mpaka sura ikaisha. Siku hizi fundi huchungulia kila asubuhi na kuuliza, mathe, leo mnarekodi? Mimi nimempita fundi huyo miaka yote na hajawahi kuniuliza hali.

Sasa tufike kwa laptopu, maana najua ndiyo mnayoingojea. Mwaka juzi kompyuta yetu ya zamani ilikufa, na mimi ndiye niliyechagua mpya. Nilitaka yenye nguvu, na kusema haki, nguvu ilikuwa nayo. Shida ni kwamba inakaa nami ndani ya chumba cha kusomea, kwa kuwa nasoma kwenye skrini yake. Nikifika ukurasa wa pili inapata joto, feni zinaanza, na zikianza utadhani lori la mizigo linapanda mlima wa Salgaa. Tulipotuma sura za kwanza, mwalimu wa shule moja ya wasioona alipiga simu kusema watoto wanauliza kama huyu msomaji ameajiriwa kwa posho mill ya kusaga unga. Na hicho kilikuwa kitabu chao cha mtihani. Kisingetoka kikiwa safi kabla ya shule kufunguliwa, wangekaa muhula mzima bila kitabu.

Niliifunika laptopu kwa shuka yangu nzito. Kelele ikapungua kidogo, kisha mashine ikazimika yenyewe kwa joto katikati ya sura. Nikaiwasha, nikaifunika tena. Halafu nikajaribu programu ya kufuta kelele, nayo ikafuta kelele pamoja na sauti yangu, nikasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi la maji. Hapo Mama Shukri akaniomba nitoke. Hilo neno “akaniomba” nimelilainisha. Alisema, Kipkemoi, hebu toka kwa hiyo mashine kabla hujaipika.

Aliifungua, akatoa vumbi la Nakuru na nyuzi za shuka yangu, ambazo alizitandaza mezani ili kila anayepita azione. Akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Akaiinua laptopu kwa vipande viwili vya mbao kutoka Elburgon ili ipate hewa chini. Mwisho akaingia kwenye mipangilio akapunguza kasi ya prosesa. Alituambia kwamba kuonyesha maneno na kurekodi mtu mmoja hakuhitaji nguvu zote hizo. Alisema atairudishia nguvu zake wakati wa kuhariri. Feni zikatulia, zikanyamaza kabisa. Nilikereka sana. Kitabu kilitoka kabla shule hazijafunguliwa.

Wanafunzi walikuja baadaye kutushukuru. Woiye! Mimi nilikuwa nimenyoa, nimevaa tai. Wakanisalimia kwa adabu, kisha wakaniuliza yuko wapi yule mama aliyeondoa kelele. Wakamzunguka, wakataka kushika zile mbao, wakala mahamri. Binti mmoja akamwambia sasa kitabu kinasikika kama mtu ameketi kando yake. Mtu gani huyo aliyeketi kando yake? Si mimi? Wivu ulinipanda na sioni haya kuuandika, maana kila mtu aliuona.

Ndiyo sababu niliomba kiti chake. Niliposikia anastaafu, nilimwambia Bi. Wariara kwamba msimamizi wa studio anafaa awe mimi, ili nami nitajwe japo mara moja. Bi. Wariara akamuuliza Mama Shukri. Mama Shukri akamtaja Chemutai wa kuhariri, tena akatangaza saa ya chai, mbele ya kila mtu. Alisema, Kipkemoi ndiye sauti yetu na hatutapata nyingine, lakini ukimvalisha hedifoni anajisikiliza mwenyewe. Chemutai anasikia feni.

Sikumaliza chai. Niliingia studio, nikavaa hedifoni, nikasikiliza sura tuliyoirekodi karibuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, nipate cha kumjibu. Nilipozivua, Chemutai, aliyekuwa akisikiliza nami, aliniuliza kama nami nimezisikia feni zikianza pale katikati, kwa kuwa kasi ilikuwa haijapunguzwa tena baada ya kuhariri. Sikuwa nimesikia feni yoyote. Nilikuwa nimejisikia nikisoma, na kwa kweli nilikuwa nimesoma vizuri sana.

Mama Shukri, kituo kizima kinakushukuru kwa kazi, kwa mahamri na kwa utulivu. Nenda Gilgil ukapumzike, Mungu akupe afya na wajukuu wasiopiga kelele. Wanafunzi wakija tena wakikuulizia, nitawaambia umestaafu. Kisha nitaketi kando yao niwasomee mwenyewe, wapende wasipende.