Folda ya Mazishi ya Mzee Omanga

Pale Suna, nje ya duka la kupiga chapa la Eucabeth, kuna benchi lisilokosa watu wala ubishi. Zubair huuza kahawa chungu hapo, na Mzee Omanga, Msabato asiyeonja kahawa, huchemshiwa tangawizi yake. Mwaka wa 1998 malaria ilimlaza vibaya, hata ndugu zake wakaharakisha kuandikisha programu ya mazishi. Akapona, akarudi benchini mashavu yamejaa. Lakini ndani ya kompyuta ya Eucabeth ilibaki folda iliyoitwa MAZISHI OMANGA, na tangu aisikie hakuwa na raha. Leo alikuja ifutwe akiona kwa macho yake.

— Imekataa tena, mzee, — Eucabeth alisema mlangoni. — Ati inatumika.

— Inatumika na nani? Mimi si niko hapa?

Bogonko, fundi wa redio waliyemwita Injinia, akakohoa.

— Hiyo ni stima, huu umeme wetu. Ukiandika kitu stima ikiwa kali, inaungua mpaka kwa chuma cha ndani. Haitoki!

— Wacha, Injinia, — Zubair alisema. — Mashine imeambiwa kuna mazishi. Wallahi, inangoja mazishi.

— Na kama habari imefika Nairobi? — Injinia akazidisha. — Utaenda kupiga kura, waseme ulikufa.

Omanga alicheka nao, lakini kusema kweli aliogopa.

Mniko, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ogwedhi, mgeni kijiweni, alichungulia ndani.

— Si kuna kitu kimefunguliwa hapo kwa kioo cha kompyuta?

Eucabeth akajishika kichwa.

— Woi! Nilifungua nihakikishe ndiyo hiyo. Kumbe ndiyo imeshikilia folda. Ngoja nifunge.

— Soma kwanza. Waliandika nini? — Omanga akauliza.

— Hii ni risala ya mkeo, Nyamusi. Alikuwa anasema, mimi naandika. — Akasoma: — “Omanga alinichekesha tangu anioe. Hata tukigombana, nilikuwa nageukia ukuta nicheke asinione.”

Nyamusi! Yule yule aliyemfokea alfajiri kwa sababu ya matope sebuleni. Omanga alisikia furaha, akainuka benchini.

— Sasa nimefunga, — Eucabeth alisema. — Itatoka. Nifute?

— Na akifuta, mzee, — Mniko akauliza, — hayo maneno utayasikia wapi tena?

 

— Mzee! Nifute ama nisifute? — Eucabeth aliita.

Omanga alikuwa ameshavuka barabara, anaenda nyumbani kwa mkewe saa ambayo hata njaa haijawahi kumrudisha.