Maisha ya Severini Bartholomeo Mkude, Mhadhiri Aliyeomba Kazi ya Kuosha Ngozi

Jamaa zetu mlioteremka kutoka Matombo, majirani wa Bigwa, walimu na wanafunzi wa Kitivo cha Kilimo, nanyi wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, mimi ni Agustino, niliyemfuata marehemu ziwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Kaka yetu Severini alizaliwa Matombo tarehe 4 Februari 1938, mtoto wa kwanza wa Mzee Bartholomeo Mkude, na akiwa na miaka sita alichomoa mayai matatu chini ya kuku anayeatamia, akayafukia kwenye majivu ya moto aone kama yataanguliwa, mama akamchapa, na alipomaliza kumchapa akamuuliza yaliishiaje.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hukohuko milimani, kisha sekondari Pugu, na mwaka 1959 akaenda Makerere, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 1963, akawa bwana shamba Ngerengere hadi mwaka 1969, alipoajiriwa kuwa mhadhiri hapa Morogoro. Tarehe 28 Agosti 1965 alifunga ndoa na shemeji yetu Eufrazia, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, Dorothea, Bartholomeo na Eva.

Sehemu inayofuata marehemu mwenyewe aliniagiza nisiiruke. Mwezi Machi 1974 kiwanda cha ngozi kilimletea maabara vipande vya ngozi vyenye mabaka meusi, akavipima kwa wiki mbili, akaandika kwamba wafanyakazi hawazigeuzi wala kuzisuuza sawasawa, na kwa karatasi hiyo Ndugu Mikidadi, msimamizi wa sehemu ya kuosha, alisimamishwa kazi tarehe 2 Aprili, akaitwa mhujumu mtaani, na posa ya binti yake ikarudishwa. Lakini mabaka hayakukoma. Kaka alipopata habari alikosa raha, akaomba ruhusa Kitivoni, na tarehe 10 Juni akaingia kiwandani kama kibarua, akavaa ovaroli na buti, akaosha ngozi pamoja na wale aliowaandika vibaya, na wengi wao, kwa haki kabisa, hawakumjibu salamu.

Wiki ya saba alimwona Mama Hidaya, mpishi wa chai, akilipita bomba la karibu na kwenda na ndoo hadi getini, akamwuliza, "Shikamoo mama, bomba si hili hapa, mbona unajitesa?" naye akajibu, "Marahaba baba, maji ya hapa yanageuza chai wino, nilisema mwaka jana wakaniambia mpishi anajua nini." Kaka aliomba bilauri mbili, akamimina chai ileile, moja akaitia maji ya getini na nyingine maji ya bomba la karibu, ya pili ikawa nyeusi wote wakiangalia, akapanda ngazi hadi kwenye tangi la kiwanda linalolisha bomba hilo, akalikuta limeliwa na kutu kwa ndani. Ndipo alipoelewa kwamba magome ya miti yanayotumika kusindika ngozi na majani ya chai yana kitu kimoja, ambacho kikikutana na kutu hugeuka cheusi, na kwamba yeye alipima ngozi tu, maji hakuyauliza.

Aliandika ripoti nyingine, akaipa kichwa kisemacho Nilikosea, kisha tukaenda wote kwa Ndugu Mikidadi, hapa hapa Bigwa, kaka akaisoma mbele yake akiwa amesimama, na Ndugu Mikidadi akasema, "Mwalimu, uliniandika bila kuniuliza," kaka akasema ni kweli. Ndugu Mikidadi alirudishwa kazini tarehe 2 Septemba, ingawa aliyemposa binti hakurudi, na jambo hilo lilimuuma kaka hadi mwisho.

Tangu hapo kila likizo ndefu alifanya kazi kiwandani, akawashawishi wenzake nao waende viwandani, na mwaka 1977 alimwalika Ndugu Mikidadi awafundishe wanafunzi kuitambua ngozi mbovu kwa vidole huku wamefumba macho, naye kaka akakaa dawati la mbele akiandika.

Mwezi Mei mwaka huu wa 1983 alianza kuugua ini, akalazwa Hospitali ya Mkoa mara tatu, akiwahoji madaktari kila dawa inakwenda wapi mwilini, hata daktari mmoja akawa anamletea kitabu, na akafariki alfajiri ya tarehe 19 Novemba, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumvumilia, majirani kwa kuni, maji na kukesha nasi, Kitivo kwa gari, na ninyi wa kiwandani mliompokea mtu aliyewakosea. Ndugu Mikidadi ameomba abebe jeneza upande wa kichwa, na sisi familia tumesema ndiyo.

Kaka Severini, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.