Kengele ya Mbwa Niliyoitupa Motoni

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe mara ya pili na wale walioketi kule nyuma karibu na mulango, maana kule njo kilikuwa kiti changu, na najua munachofanya. Wewe mwenye kuficha mandazi chini ya Biblia, meza haraka. Leo sikuja kuchekesha. Ao nitachekesha kidogo tu, juu ulimi wangu uliokoka juzi na bado unajifunza kutembea.

Jina langu ni Bahati. Niko na miaka kumi na sita, na niko mwaka wa ine wa sekondari hapa Kashebere, kama prefe, mukubwa wa shule, hatabadilisha mawazo. Munanijua. Mimi njo nilikuwa naiga pasta namna anavyokohoa mbele ya kutangaza sadaka. Mimi njo nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba mbuzi alikula kazi yangu, kisha nikamuleta mbuzi darasani awe shahidi. Batu walicheka mpaka machozi. Ndugu zangu, kicheko ya batu ni tamu kuliko asali ya pori. Niliikula tangu utoto, na sikushiba.

Sasa nitawaambia juu ya Koko yangu, baba ya mama, shemasi Zakaria. Iko pale karibu na mulango. Musigeuke wote pamoja, muzee ana haya.

Koko alizaliwa Itebero, ndani ya pori ya Walikale. Alikuwa muwindaji mbele ya kuwa shemasi, na hata akiwa shemasi aliendelea kuwinda. Mbwa wake anaitwa Watasema. Mbwa wa kwetu hawabweki, kwa hiyo muwindaji anamufunga mbwa kengele ya muti shingoni, ili amusikie pale anapokimbia ndani ya majani. Ile ya Koko ilichongwa na baba yake. Ilikuwa nyeusi kwa moshi na mikono ya batu, na kamba yake ilikuwa ya raffia, nyuzi za majani. Njiani anaijaza majani, isilie. Wakifika porini anayatoa, na mbwa anaondoka: ko-ko-ko-ko. Nilipokuwa mudogo Koko aliniambia, “Bahati, mbwa hana mudomo. Mimi njo namupa mudomo.” Kila jioni kengele inarudi juu ya jiko, pahali pake.

Halafu konferansi ya vijana ikaja. Konferansi ya inchi nyingi, ndugu zangu, hapa kwetu! Vijana wa Masisi walishuka milima kwa miguu, na viazi na mafromage, jibini ya kwao, kichwani. Wa Walikale walikuja na ndizi na nyama ya kukausha. Wageni walitoka Burundi, Uganda, Kenya, na hata Ulaya kulitoka wawili wenye pua nyekundu kama nyanya. Asubuhi tulikuwa na mafundisho kanisani. Mchana kulikuwa festivali ya injili kwenye uwanja wa mupira, na sono ya vipaza sauti iliyotikisa mpaka kuku. Koko alipewa kazi ya maji: bidoni, ile dumu ya manjano, na kopo moja. Alikuwa anapita kati ya wageni na kusema, “Kunywa, mutoto, hii jua haina urafiki.” Alifurahi kuliko bibi-arusi.

Sasa sikieni jinsi nilivyoanguka. Kila mchana kijana mumoja mugeni alipanda jukwaani na kutoa ushuhuda. Mumoja aliuza dawa za kulevya. Mungine alichoma mutu kisu. Uwanja muzima ulilia! Na mimi? Dhambi zangu zilikuwa mihogo niliyoiba kwa Mama Sifa, jirani yetu, na ile habari ya mbuzi. Rafiki yangu Musafiri alinicheka:

“We Bahati, ushuhuda yako haiwezi kujaza hata kijiko.”

“Ngoja kesho,” nikamwambia. “Kesho nitajaza sufuria.”

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchoma vitu vya giza. Waliwasha moto mbele ya jukwaa, wakasema mwenye kuwa na hirizi ao dawa za wachawi alete. Nilikimbia nyumbani. Koko alikuwa kisimani, anajaza bidoni. Nilishusha kengele juu ya jiko, nikaifunga na kitambaa nyekundu ya mama, vizuri kabisa, hata muwindaji asitambue. Nikarudi, nikapanda.

Walinipa mikro ya kusemea. Ndugu zangu, musimupe mutu kama mimi mikro! Nilitetemesha mikono. Nikasema, “Hii kitu inalia yenyewe. Ikilia, mutu wa jirani anaanza homa.” Uwanja ukasema “Yesu!” kwa sauti moja. Mimi ndani nilikuwa nacheka. Mugeni mwenye kuhubiri akaniuliza, “Ni ya nani, kijana?” Swali hiyo sikuwa nimeitayarisha. Ningeweza kusema niliiokota njiani. Lakini batu elfu walikuwa wananingoja, na mudomo wangu ukakimbia mbele yangu kama mbwa:

“Ni ya Koko yangu.”

Nikatupa. Ikawaka. Wakapiga vigelegele, wageni wakapiga picha, na Musafiri aliniinulia kidole gumba. Ile njo ilikuwa siku ya sifa kubwa katika maisha yangu. Natamani ingefutwa.

Asubuhi yake Koko alibeba bidoni yake kama kawaida. Hakujua kitu. Alimupa kopo binti mumoja wa Masisi, binti akarudi nyuma. Akamupa mungine. Mungine akasema, “Hapana, Papa, sina kiu,” na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. Koko alizunguka uwanja wote. Alirudi nyumbani na bidoni imejaa mpaka juu. Akaiweka chini polepole, kama mutu anayelaza mutoto.

Kisha Mama Sifa aliingia kiwanjani kwetu. Munajua kwamba alizika mutoto wake wakati wa mvua. Koko mwenyewe alibeba lile sanduku dogo. Mama Sifa hakupiga kelele. Alisema tu:

“Papa Zakaria, siku homa ilimushika mutoto wangu, ile kitu yako ilikuwa inalia?”

Koko alimutazama, akanitazama, akatazama juu ya jiko, pahali patupu. Hakuuliza nani. Alisema, “Mama, sijakukosea.” Mama Sifa akaenda zake. Na kule barabarani vijana walikuwa wanaongea kwa sauti, makusudi, kwamba mchawi lazima ahame leo, asingoje konferansi iishe. Munajua namna habari kama hiyo inaishaga kwetu. Inaanza na maji, inaishia na mawe.

Nilitaka Koko anipige. Naapa, nilitaka! Nilijificha nyuma ya nyumba nikingoja fimbo, na ndani nikamusikia anaomba. Nilidhani anaomba Mungu amusafishie jina. Hapana. Alikuwa anasema, “Bwana, huyu mutoto ana mudomo lakini hana kengele. Anapotea na hatumusikii. Usimuache porini.”

Ndugu zangu, pale njo nilivunjika. Hakuna sono, hakuna mugeni, hakuna vigelegele. Mimi na ukuta wa udongo na sauti ya muzee. Nilisema, “Yesu, toa huu ulimi ao uuoshe, lakini mimi siuwezi tena.”

Mchana ule ulikuwa wa mwisho wa konferansi. Nilipanda jukwaani bila kuitwa, nikashika mikro, nikasema, “Nilidanganya. Ilikuwa kengele ya mbwa.”

Na munajua batu walifanya nini? Walicheka! “Bahati tena!” Walipiga makofi. Nililia, wakacheka zaidi, wakisema huyu mutoto anajua kulia kweli. Nilipiga magoti, Musafiri akapiga mluzi. Nilikuwa nimewafundisha miaka yote wasiniamini, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Asante Mungu kwa papa mumoja wa Itebero, mwenye alitembea siku mbili kuja. Alitoka kati ya batu na mufuko wake, akatoa kengele ya mbwa wake, akatoa majani ndani, akatingisha mbele ya mikro. Ko-ko-ko-ko. Akasema, “Kama hii ni uchawi, basi muchome kila muwindaji wa Walikale, na muanze na mimi.” Kicheko ikakatika. Mama Sifa alikuja mbele, akaomba ile kengele, akaishika, akaitingisha yeye mwenyewe mara mbili. Akaniangalia. Bado hajasema neno na mimi mpaka leo, na sina haki ya kumulazimisha.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Bwana aliniokoa, haleluya! Aliniosha, naamini kabisa. Lakini moto haurudishi muti. Nilichonga kengele ingine kwa mwezi muzima. Inalia kama mutu mwenye mafua. Koko alisema asante, akaitundika juu ya jiko. Hajaenda porini tena. Watasema analala kwenye mulango siku nzima. Na picha zangu na ule moto ziko katika simu za wageni, katika inchi zao, na kule Koko yangu iko mchawi mpaka leo. Kule siwezi kufika na mikro.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, Yesu anapokea hata mwongo wa kuchekesha. Mumuamini! Mwenye kuwa na dhambi ndogo amushukuru Mungu kwa udogo wake, asitafute ya kukopa kwa Koko wake.

Lakini musiniambie amina. Amina yenu nimeishakula nyingi. Nimehesabu Jumapili zote tangu konferansi: Koko anabeba maji hapa kanisani, na batu tunaokunywa ni mimi, pasta na mama yangu. Sasa ninashuka. Nitaenda pale mulangoni, nitakunywa wa kwanza katika ile kopo. Mwenye aliamini ushuhuda wangu wa kwanza na sasa anaamini huu, asimame, aje nyuma yangu.

Koko, tafazali, jaza kopo.