Upasuaji wa Maka

Katika basi la kutoka Wajir, kwenye kiti cha mbele yangu, Maka wa kijiji cha Diff, mgonjwa wa sukari, alimweleza muuguzi Kananu, jirani yake wa kiti, kwamba kesho daktari wa Nairobi anataka achague mmoja kati ya upasuaji wa aina mbili wa kupunguza uzito.

"Mmoja wanakata sehemu kubwa ya tumbo, wanaitupa," Kananu alisema. "Mwingine wanabakisha kifuko kidogo cha tumbo, chakula kinaruka kipande cha utumbo."

"Hiyo ya kuruka! Inashusha sukari."

"Basi utameza vitamini maisha yote. Ukiacha, damu itapungua, mifupa italegea."

"Diff nitapata wapi hiyo dawa kila siku?" Maka alifoka. "Na kutupa tumbo Mungu alinipa, wallahi siwezi! Abaayo, dada yangu, ungekuwa mimi ungechagua upi?"

Mimi niliyekuwa nyuma yao niliacha kujifanya nimelala.

Basi lilisimama Garissa, na Kananu akachukua mkoba wake. "Siwezi kukuchagulia. Mungu akuongoze, mama," alisema, akashuka.