Zuberi Thabiti Nankoma na Sanda za Moto wa Mahurunga (1949–2007)

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo ni baba yetu, Zuberi Thabiti Nankoma. Alizaliwa Msimbati tarehe 3 Juni 1949, mtoto wa nne wa mzee Thabiti Nankoma na bibi Mwanaidi Sudi. Kwao walikuwa wavuvi, ila yeye bahari ilimtapisha tangu utoto. Babu akasema, "Huyu mpelekeni bara akale mihogo." Basi akapelekwa kwa mjomba wake Mahurunga, akawa mtu wa huku.

Alisoma Kurani chuoni, na shule ya msingi hadi darasa la nne mwaka 1962. Hakuendelea, maana mjomba aliugua na mikorosho ikakosa mtu. Hilo hakulilalamikia. Ila sisi watoto tukitoroka shule hakutupiga. Alitupatia jembe na kutuacha juani shambani mpaka wenyewe tuombe kurudi darasani.

Mwaka 1977 aliajiriwa kulinda msitu ulio kati ya kijiji na mto Ruvuma, hadi 1995 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Sare aliirudisha, msitu hakuuacha. Kijiji kikampa uenyekiti wa kamati ya mazingira, na kila kiangazi aliwatoa watu kufyeka njia ya moto kuizunguka mikorosho.

Alimwoa mama yetu, Somoe binti Issa, Novemba 1979. Siku ya posa mzee Issa alimuuliza, "Wewe unalinda miti ya serikali. Mke wako atalindwa na nani?" Watu walicheka sana. Baba alikuwa akikisimulia kisa hicho kila penye harusi. Baada ya Septemba 2001 hatukumsikia akikisimulia tena.

Tarehe 18 ya mwezi huo, moto uliowashwa na wasaka ndezi ulikuwa umeshaingia ndani ya msitu, na upepo unauleta kijijini. Mama na wenzake walikuwa upande wa pili, kwenye bustani za mtoni. Bwana Erasto, ofisa misitu wa wilaya, alikuja na habari kwamba ndege ndogo iliyokuwa mjini itatusaidia kutazama kutoka juu. Yeye na baba wakachuchumaa, wakachora mpango mchangani. Watu wagawanywe makundi kwenye njia ya moto. Kila kundi litandaze kitambaa cheupe ili rubani awaone walipo. Ndege ikizunguka juu ya kitambaa, kundi lile lijue moto unawajia, na ikimaliza kuzunguka, inakoelekea pua yake ndiko wakimbilie. Walio mtoni wabaki kwenye mchanga wa mto, wasirudi mpaka waitwe. Josephu, kijana wa hapa kijijini, alitumwa kwa baiskeli akawaambie, kwa barabara ndefu inayouzunguka msitu.

Vitambaa vyeupe ndivyo vilivyokosekana. Kanga zetu zina rangi, na mashuka yetu yameshakuwa rangi ya udongo. Baba akaenda msikitini.

"Zuberi, sanda haitoki humu bila maiti," Maalim Muzamil alimwambia.

"Maalim, tusipozitoa leo, kesho hazitatutosha."

Zikatolewa zote. Na mpango ulikubali. Ndege ilizunguka, watu wakakimbilia ilikoonyesha, wakaupiga moto kwa matawi mabichi. Hakuna nyumba iliyoungua Mahurunga, wala mkorosho wa mtu.

Lakini habari ya sanda ilivuka msitu kwa njia ya mkato, vinywani mwa watu waliokimbilia mtoni, ikafika kabla ya Josephu. Na kwetu sanda ikitoka msikitini, jembe linawekwa chini. Bi Tabu, aliyekuwa na mama, ndiye aliyetusimulia. Alimwambia, "Somoe, ngoja kwanza tupate uhakika." Mama akamjibu, "Uhakika gani, shoga? Sanda hutolewa kuanikwa? Huyo ni mume wangu, ndiye anayejitia mbele." Akajifunga kanga kiunoni, akashika ile ile njia ya mkato.

Alasiri ndege iliviacha vitambaa, ikaanza kuzunguka katikati ya msitu. Bwana Erasto akauliza kuna nini kule. Baba alitazama sana, akasema, "Pale hatuna mtu." Ndege ikashuka chini zaidi, ikazunguka tena. Ndipo baba alipoingia na panga, yeye na wenzake wawili. Walimtoa mama ndani ya moshi akiwa hai bado. Alimtazama baba, akasema, "Kumbe u mzima." Hakusema lingine. Kesho yake alizikwa kwa sanda zile zile. Zilizobaki baba alizifua kwa mikono yake, akazirudisha msikitini.

Tangu siku ile kifua chake hakikupoa. Alilazwa hospitali mara mbili, na mwaka jana alihamia mjini, Chikongola, kwa bintiye Latifa. Mjukuu wake Somoe, ambaye hata meno hajaota, alikuwa halali vizuri ila juu ya kifua hicho hicho kinachokoroma. Ndege ikipita kwenda uwanjani, baba aliinua kichwa.

"Inazunguka?"

"Inapita tu, baba."

Ndipo alipokirudisha kichwa juu ya mto wake wa kulalia. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Machi 2007, aliuliza tena, na angani hapakuwa na ndege. Akajibiwa vile vile. Akakirudisha kichwa, akatutoka.

Ameacha watoto watatu, Yasmini, Juma na Latifa, wajukuu saba, na dada yake mmoja aliyeko Msimbati. Maalim Muzamil ametuambia kwamba katika nguo alizovikwa leo imo moja ya zile alizozifua mwenyewe. Doa la moshi halijatoka. Tunamlaza ubavuni kwa mama.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Amlaze baba yetu mahali pasipo moshi, apumzike.