Breki ya Mzee Bayingana

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Norman Bayingana wa Busanza, hapa Kigali, fundi wa kukata na kuchomelea vyuma katika karakana za Gikondo. Mzee Bayingana amefariki. Amezikwa katika makaburi ya Rusororo. Waliomsindikiza walikuwa wengi, na karibu wote walimwita kwa jina moja: Dereva.

Mlishike neno hilo. Dereva wa nini? Wa treni. Treni ipi, katika nchi isiyo na reli? Treni za umeme za Australia. Hivyo ndivyo marehemu alivyosema, na hivyo ndivyo Gikondo ilivyoamini, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni binti yake, Kayitesi.

Kayitesi ni mchunguzi wa madai katika kampuni moja ya bima hapa Kigali. Mteja akisema gari lake limeibwa, yeye ndiye anayetumwa kuuliza ufunguo wa pili uko wapi. Hiyo si kazi ya kumfundisha mtu kuamini. Lakini shaka yake juu ya baba yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko kazi yake.

Mzee Bayingana alikulia Tabora, katika familia ya wakimbizi, karibu na stesheni ya reli. Miaka ya tisini ilipoanza, kanisa moja lilimdhamini yeye na rafiki yake Damascène, wakaenda Australia. Mwisho wa muongo huohuo alirudi katika nchi ya wazazi wake, akaoa, akafungua karakana. Alirudi na mtungi wa masimulizi usiokauka.

Alisimulia kila mahali. Foleni ya magari ikikwama kwenye makutano ya Sonatubes, alikuwa akiwageukia abiria wenzake na kusema: "Mnasikia? Kelele zote hizi ni mafuta yanayolia. Kichwa changu cha treni kilikuwa kimya kama padri kabla ya misa."

Alisimulia kuwa magharibi mwa Sydney kuna milima, na kwamba kichwa cha treni ya umeme kikishuka na mabehewa yake, mota zake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya ulio juu ya reli. Treni inayopanda upande wa pili huutumia. Anayeshuka humsaidia anayepanda.

"Ee Mzee," mwendesha pikipiki mmoja alimwambia, "basi na mimi nikishukaga kilima ya Rebero, petroli iko lazima irudi mu tangi."

Watu walicheka. Kayitesi hakucheka. Alitafuta habari hiyo, akakuta ni kweli tupu: vichwa vya namna hiyo vilikuwapo, na vilirudisha umeme kama alivyosema mzee. Pengine mnadhani alitulia. Shaka yake ilikua. Katika kazi yake amejifunza kwamba dai la uongo likiandaliwa vizuri huanza na jambo la kweli.

Kilichomsumbua kilikuwa kidogo. Baba yake aliweza kueleza mota, nyaya za shaba, unene wa bamba la sakafu, hata rangi ya zamani iliyokuwa chini ya rangi mpya. Chai ilipoa mbele yake akieleza. Lakini hakuwahi kusema dereva huona nini.

"Papa, mbele uliona nini?"

"Reli."

"Reli na nini?"

"Reli, mwanangu. Ulitaka nione nini, harusi?"

Kila alipoulizwa hilo, aligeuza mazungumzo. Mchunga ng'ombe na mchinjaji wote wawili wanamjua ng'ombe, lakini ujuzi wao haufanani. Kayitesi alianza kujiuliza baba yake alikuwa yupi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya kukata chuma chochote, liwe geti au fremu ya lori, Mzee Bayingana alikigonga kwa kiganja, akasema "Hodi", akangoja kidogo, ndipo akawasha moto. Wateja walidhani ni dua. Gaju, mshirika wake wa karakana, hakulizoea jambo hilo mpaka mwisho. "Mzee, hii ni geti," alimwambia akicheka. "Haina mwenyewe ndani."

"Huwezi kujua," mzee alimjibu.

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Bayingana aliugua kifua na kufariki hospitalini. Alizikwa chini ya msalaba wa mbao wenye jina lake tu. Msalaba wa chuma ungesimikwa siku ya kuanua matanga, na Gaju alijitolea kuutengeneza, herufi zikitobolewa kwa moto kwenye bamba la chuma. Manzi, kaka yake Kayitesi, alimpelekea maneno: Dereva wa Treni za Umeme, Australia.

Kayitesi alifika karakanani, Manzi akiwapo, akamzuia Gaju.

"Dada, umemchunguza akiwa hai," Manzi alisema. "Amekwisha kufa. Funga faili."

"Rangi hufutwa, Manzi. Tundu kwenye chuma halifutiki. Kama si kweli, atalala chini ya uongo, na sisi ndio tuliouweka."

"Na kama ni kweli?"

"Nionyeshe mtu mmoja aliyemwona akiendesha."

"Nyie muongee," Gaju alisema. "Mimi bamba yangu iko tayari, ni gesi tu inaniishia."

Mtu mmoja alikuwapo. Damascène, yule rafiki wa Tabora, alikuwa amekuja kutoka Australia kwa ajili ya msiba. Kwa siku kadhaa alikaa Busanza, nyumbani kwa marehemu, akila kidogo na kusema kidogo. Kayitesi alimwona kama anavyomwona shahidi anayetazama mlango. Alasiri moja alivuta kiti cha plastiki, akaketi mbele yake.

"Baba mdogo, Papa aliendesha treni gani?"

Mzee Damascène alitazama kikombe chake. "Nani kakuambia aliendesha?"

"Yeye."

"Binti, vile vichwa tulivikuta vinastaafishwa. Treni za dizeli zimechukua njia. Na waya bado uko juu, una umeme, dizeli inapita chini yake inatoa moshi. Ukiona hivyo unajiuliza nani mwenye akili. Vya umeme vilipangwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, vinangoja zamu. Tulivikata. Mimi na baba yako. Kwa gesi."

Kayitesi alisogeza kiti karibu zaidi.

"Ndani yake walilala watu wasio na nyumba. Msimamizi akatuamuru: gonga, ita, ngoja. Sasa Kiingereza cha baba yako kilikuwa bado kinatafuta viatu. Akaita hodi. Siku moja akatoka mzungu mzee na blanketi lake, akamtukana vizuri sana, halafu akamwomba sigara."

Shaka ya miaka yote ilikuwa imethibitishwa. Mchunguzi mwingine angeinuka. Kayitesi aliendelea kuketi, kwa sababu dai lilikuwa bado na sehemu isiyoelezwa.

"Kwa nini basi aseme dereva? Angeweza kusema fundi. Ufundi hauna aibu."

Mzee Damascène aliweka kikombe chini.

"Kichwa kimoja kililetwa kikivutwa na dizeli. Kimekufa, breki za upepo hazifanyi kazi. Alitakiwa mtu wa kukaa ndani ashike breki ya mkono. Baba yako alikwenda mbio. Alikaa kiti cha dereva, mkono dirishani, kama waziri. Sasa pale kuingia yadi kuna mteremko. Mtu akafungua kiungo chake na dizeli mapema. Kichwa kikaanza kwenda chenyewe."

"Kwenda wapi?"

"Kwangu. Nilikuwa relini nakata chuma, nimekipa mgongo, kinyago usoni, na moto unavuma. Na unajua sifa ya kile kitu. Kimya kama padri."

Sauti yake haikupanda.

"Alizungusha lile gurudumu la breki mpaka viganja vikachubuka. Kilisimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa. Niligeuka kwa sababu nilisikia mtu anagonga bati. Alikuwa ametoa mkono dirishani. Anatetemeka. Akaniambia, hodi."

Kayitesi akasema, "Nilimuuliza mara nyingi mbele aliona nini. Alisema reli."

"Aliona mgongo wangu," Mzee Damascène alisema. "Jambo hilo hatukulizungumza tena, mimi na yeye. Kesho yake tulikikata."

Nasi tuseme ukweli, wasikilizaji wapendwa. Huyo ni shahidi mmoja. Ni rafiki wa marehemu, alikuwa katika nyumba ya msiba, na katika nyumba ya msiba watu hugawa sifa kama chai. Kayitesi aliyajua hayo yote. Tulipomuuliza kama alimwamini Mzee Damascène, alitujibu hivi: "Mtu anayetunga husema rafiki yake alikuwa shujaa. Yeye alisema rafiki yake alitetemeka."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Gikondo na maneno mapya. Manzi aliyasikia, hakuyapenda.

"Sasa hayo ndiyo nini? Watu watauliza, breki ya nini?"

"Waache waulize."

"Dereva lilikuwa neno zuri."

"Lilikuwa zuri. Hakuendesha, Manzi. Alisimamisha."

Gaju alilaza bamba juu ya meza. Alivaa kinyago, akakivua tena. Halafu yeye, aliyecheka miaka yote, akaligonga bamba kwa kiganja na kusema, "Hodi." Wote watatu wakangoja. Ndipo akawasha moto.

Msalaba huo sasa uko Rusororo. Una jina, Norman Bayingana, na chini ya jina maneno mawili, kwa Kiswahili, lugha aliyokulia nayo Tabora: Alishika breki.

Kipindi hiki kinampa pole Kayitesi. Kinampa pole Manzi, ambaye bado hajakubali. Kinampa pole Gaju, na Mzee Damascène, aliyerudi kwenye nchi ambako treni za dizeli bado hupita chini ya waya wenye umeme.

Wasikilizaji wapendwa, tunapozika, tunawapa wafu vyeo. Tunawafanya madereva, wakuu, watakatifu, kwa sababu hawawezi kutukanusha. Jioni ya leo kila mmoja wetu amfikirie mtu wake mmoja, na ajiulize swali alilokuwa akilikwepa mtu huyo. Pengine alificha uongo. Pengine alificha mgongo wa mtu ambaye yu hai mpaka leo. Hatuwezi kujua kabla ya kugonga na kungoja.