Simu za Jumatatu za Mama Bilhah

Awendo, Ijumaa, 14 Novemba 2025. Ni miaka thelathini na mitatu na miezi saba tangu niondoke Kericho. Bilhah Chepngetich, anayestaafu Ijumaa ya tarehe 28, ameitumikia Sauti Safi, duka letu la vyombo vya muziki, kwa miaka thelathini na minne. Miezi mitano ya kwanza nilikuwa fundi wake mkuu. Iliyobaki nimeifuata kwa simu, na ndiyo sababu wenzake wameniomba niandike haya.

Aliajiriwa Novemba 1991 kupokea wateja na kufagia karakana. Kufikia Pasaka alikuwa akiunganisha nyaya safi kuliko mimi. Lakini kipaji chake kilikuwa sikio. Omariba, mwalimu wa kwaya kule Chepseon, aliwahi kuleta spika moja mara tatu akilalamika kwamba inakwaruza. Mafundi waliifungua, wakaifunga. Jumapili moja Bilhah alikwenda kanisani, akaketi safu ya nyuma, akasikiliza nyimbo mbili. “Mwalimu, spika ni nzima,” akamwambia nje. “Anayekwaruza ni huyo mrefu wa sauti ya nne uliyemsimamisha mbele yake.”

Mwaka 1998 duka likawa wakala wa Vessholm, kampuni ya ng’ambo inayotengeneza amplifaya zenye thamani ya ng’ombe wawili wa gredi. Nilidhani hakuna mtu wa Kericho atakayenunua. Nilikosea. Walinunua wahadhiri, mameneja wa mashamba, na wakulima wa chai ambao hununua kitu kikubwa mara moja tu kwa mwaka, Oktoba, bonasi ya chai ikitoka.

Mwaka 2018 kampuni hiyo iliondoa amplifaya yake kubwa kwenye orodha. Haikusema kama nyingine inakuja. Haikusema kama haiji. Kila Oktoba wateja walijaa kaunta wakiuliza, na aliyesimama kaunta ni Mama Bilhah.

“Mama, hao watu wako walikufa, ama ni sisi hatukualikwa mazishi?” Kipruto, mkulima wa chai, alimuuliza mbele ya wote. “Hata daktari wa ng’ombe huniambia kama ana mimba ama hana!”

Oktoba 2021 alichoka. Daktari Kipngeno, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kabianga, alipouliza kwa mara ya nne, alimjibu, “Labda mwakani, Daktari.” Wiki hiyohiyo Daktari aliuzia kanisa moja la Kedowa amplifaya yake ya zamani ili apishe mpya. Mwakani ikapita, na iliyofuata. Spika zake mbili zikabaki sebuleni bila mashine, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, picha za mahafali juu yake. Zikawa meza. Mama Bilhah alipomwomba radhi, alimjibu kwa upole uliomuuma kuliko matusi: “Mimi sikasirikii kampuni. Kampuni haikuniambia kitu. Wewe ndiye uliniambia.”

Tangu siku hiyo Mama Bilhah hakutulia. Alikumbuka kituo cha kununulia majani chai ambako mamake alipeleka mavuno. Kulikuwa na makarani wawili. Lori la kiwanda likichelewa, mmoja alijifungia ndani, na majani yakapata joto kwenye magunia, yakaharibika. Mwingine alitoka, akasimama kwenye ngazi, akatangaza, “Lori halijafika, na sijui litafika lini.” Akina mama walimzomea, kisha wakamwaga majani yao kivulini, yakapona.

Basi akanunua daftari, akaandika majina ya wote waliokuwa wakingoja, watu arobaini na mmoja. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliwapigia simu, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba hana habari. Zack, mkurugenzi wetu, ambaye Bilhah amemjua tangu akivaa kaptula za shule, hakuelewa. “Mama, unapigia watu kuwaambia huna la kuwaambia? Wape matumaini kidogo, la sivyo wataenda kwingine!”

“Matumaini nilishampa Daktari, Zack. Nenda ukaone yanavyofunikwa vitambaa.”

Kampuni aliiandikia barua kumi na tisa. Kila moja ilijibiwa kwa maneno yaleyale ya kumshukuru kwa uvumilivu wake. Agosti mwaka huu aliandika ya ishirini, yenye swali moja: watu hawa wangoje au wasingoje? Aliomba jibu kabla hajastaafu. Hata shukrani haikurudi.

Jumatatu ya tarehe 3 mwezi huu alifungua daftari kwa mara ya mwisho, akaanza na Kabianga. “Daktari, ile labda yangu naifuta. Usingoje tena.” Jumamosi Daktari Kipngeno alikuja akachukua amplifaya kuukuu ya kampuni nyingine, ambayo Mama Bilhah aliifufua kwa mikono yake. Jioni alituma ujumbe: vitambaa vimetoka. Kipruto alikataa. Alisema atangoja tu, lakini sasa anangoja akijua.

Katika daftari lile kulikuwa na jina la arobaini na mbili, langu, ingawa sikungoja amplifaya; alinipigia nami kwa kuwa alijua nimewahi kungoja. Kwa miaka kumi na saba kila niliyemuuliza kuhusu shamba langu la Kedowa, nililolikimbia kwenye vita vya kikabila vya 1992, aliniambia labda mwakani nitaweza kurudi. Mwaka 2009 nilimuuliza Bilhah. Alikwenda mwenyewe, akatazama, akanipigia: “Mzee Okoth, nyumba haipo. Shamba limepandwa chai, na imeshakomaa.” Nilimkasirikia wiki nzima. Kisha nikachimba kisima hapa Awendo, ambapo nilikuwa nimekaa muda wote huo kama mgeni.

Mama Bilhah, asante kwa sikio lako, na zaidi kwa ulimi wako. Sote wa Sauti Safi, tulio karibu na tulio mbali, tunakuombea siku za utulivu, ng’ombe wenye maziwa, na simu inayolia kwa habari njema tu.

Nanyi mnaoandaa sherehe: tangu Septemba mmekuwa mkiniuliza kama nitakuja, nami nimekuwa nikijibu kwamba nitaangalia. Hilo halikuwa jibu. Kiti mlichoniwekea mpeni mtu mwingine. Sitarudi Kericho.